Koki ya Chini

Garissa, 14 Januari 2025

Kwa ndugu yangu Isse,

Assalamu aleikum warahmatullahi. Sisi wazima, alhamdulillahi. Kiangazi cha jilaal kimetukalia, jua linachoma na vumbi tunalishwa bure. Hooyo, mama yetu, yuko Kotile na ng'ombe waliosalia. Miguu inamuuma lakini ulimi hauna ugonjwa, anamsema kila mtu na mimi ndiye wa kwanza. Anauliza kama huko Ujerumani umepata mke au bado umeoa vyupa. Nimemwambia bado vyupa.

Usishangae karatasi. Nikikupigia simu unasema uko maabara, halafu unakata. Na usiulize kwa nini Kiswahili. Kisomali tunakisema, kukiandika hatukufundishwa. Viboko vyote vya shule tulichapwa kwa Kiswahili.

Sasa jambo lenyewe. Binti yangu Hamdi alipata kazi tangu mwezi wa tisa katika kiwanda cha oksijeni cha binamu yetu Billow, nyuma ya soko la mifugo. Anasimamia ile sufuria kubwa ambayo, akinieleza, inachemsha kitu baridi. Nilicheka mpaka akakasirika. Mimi na wauza maziwa wenzangu tunakaa nje ya ukuta wa kiwanda hichohicho, maana ndio wenye kivuli asubuhi. Pale ndipo tunapofukizia vyombo: kaa la moto ndani ya kibuyu, kifuniko juu, moshi unashika kuta, na maziwa ya ngamia yanakaa siku nzima bila kuharibika. Haya unayajua. Maziwa hayo yamekulea, ingawa siku hizi nadhani unasema ulilelewa na vitabu.

Juzi Billow alitoka na fimbo kana kwamba sisi ni mbuzi. "Hii moshi yenu naingia kwa mashine yangu," akasema. "Isse amesema. Brofesa ya Jarmani! Bebeni hii kibuyu zenu, endeni ng'ambo ya daraja."

Nikamwambia profesa huyo nilimwosha matako mimi.

Basi niambie, ulisema au Billow anakutumia kama fimbo nyingine? Na kama ulisema, moshi wa kibuyu unaifanya nini sufuria ya chuma iliyo ndefu kuliko nyumba? Mtoto wangu anashinda chini yake. Kama kuna hatari nataka kuijua. Kama hakuna, usimpe mjinga maneno ya kutufukuzia.

Dada yako,
Bilan


Dresden, 9 Februari 2025

Dada Bilan,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, ingawa theluji imefika magotini na sioni jua ila kwenye picha. Nimefurahi kusikia hooyo ana nguvu za kusengenya. Mpe salamu. Mwambie vyupa havigombi.

Nitajaribu kukueleza kwa lugha nyepesi, ijapokuwa jambo lenyewe si la sokoni. Hewa unayovuta si kitu kimoja. Ndani yake mna nitrojeni, oksijeni, na chembe za gesi chache zisizoungana na chochote, ndiyo maana huitwa gesi ajizi: heli, neoni, agoni, kriptoni, zenoni. Ukiipoza hewa mno inakuwa maji. Ukiyachemsha maji hayo, yakiwa bado baridi kuliko barafu yoyote uliyoisikia, kila gesi inachagua mahali pake. Heli na neoni hazikai, zinakimbilia mvuke. Agoni haina msimamo, iko huku na iko kule. Kriptoni inapenda kukaa chini katika maji ya oksijeni. Na zenoni, dada, zenoni haitoki: ikipanda chembe moja na mvuke, mamia zinabaki. Kazi yangu ni kupima mgawanyo huo. Ni watu wachache duniani wanaoweza kuupima vizuri, na mmoja wao ni huyo uliyemwosha.

Sasa moshi wenu. Mashine ya Billow inavuta hewa ya pale pale mnapokaa. Chujio lake linakamata uchafu mwingi lakini si wote. Unaopita una mafuta ndani yake, na mafuta hayo nayo hayataki kupanda na mvuke. Yanabaki chini pamoja na kriptoni na zenoni, yakiongezeka kila siku. Oksijeni iliyokolea ikikutana na mafuta ya kutosha haihitaji kiberiti, mtikisiko mdogo tu unatosha.

Kwa hiyo ndiyo, nilimwambia. Sioni haya. Katika karne ya friji bado mnatia maziwa moshi kama watu wa zama za mapangoni, halafu mnaona fahari. Hameni. Ni jambo dogo kwa watu waliozaliwa kuhama.

Isse


Garissa, 27 Februari 2025

Kwa ndugu yangu Isse,

Salaam aleikum. Tunangoja mwezi wa Ramadhani, keshokutwa au siku inayofuata. Tende zimepanda bei kama kila mwaka, wafanyabiashara wetu wanamwogopa Mungu kuanzia magharibi tu. Hooyo alianguka kidogo akienda kisimani, hakuvunjika kitu, amemlaumu punda.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma majivuno, mara ya pili nikatafuta habari. Friji unayoisema ninayo. Wiki iliyopita stima ilipotea siku tatu, nikaifungua nikakuta maziwa yamekuwa jibini la fisi. Kibuyu cha hooyo hakijawahi kukatiwa stima. Halafu hizo gesi zako zisizoungana na mtu, zinazokaa chini tu bila kazi: nimecheka. Ajizi ni nyumba ya njaa, walisema wazee, na wewe ndiyo uliyoifanya kazi ya maisha.

Lakini tuache mzaha. Nilimsomea Hamdi maneno yako kuhusu mafuta yanayobaki chini. Baadaye akasema: "Hooyo, zamani tulikuwa tunafungua koki ya chini kila zamu. Tunamwaga kidogo nje kwa kokoto, inatoka moshi nyeupe, basi. Mwezi wa kumi Billow akakataza. Akasema hakuna mtu kugusa hiyo koki, huko chini iko mali."

Mimi sijui kupima kitu chochote kisichoingia kwenye kopo la lita. Lakini sufuria naijua. Ukichemsha na kuchemsha, ukawa unachukua mvuke tu na huyamwagi ya chini, uchafu wote utalala pale. Si ndivyo ulivyoniandikia mwenyewe? Basi koki hiyo iliwekwa kwa ajili gani kama si kuutoa?

Nijibu mawili tu. Kufungwa kwa koki ni hatari au si hatari? Na nani alimwambia Billow kwamba chini mna mali? Billow ninayemjua mimi akiona zenoni barabarani ataikanyaga, aseme ni tope.

Bilan


Dresden, 24 Machi 2025

Dada Bilan,

Ramadhani karim. Tumo katika kumi la mwisho, Mungu azipokee funga zetu. Huku kuna Waturuki wanaofuturisha watu, nimekwenda mara mbili, chakula kizuri, mazungumzo ya kawaida. Pole kwa hooyo. Nimeagiza dawa ya miguu kupitia mtu anayekuja Nairobi, asiipake kama mafuta ya ng'ombe. Imeandikwa mara mbili kwa siku.

Mwezi huu nimepata matokeo ambayo nimeyangoja miaka minne. Nilichemsha mchanganyiko wangu polepole kabisa, nikachota kimiminika kwa sindano moja na mvuke kwa sindano nyingine, na vipimo vya zenoni vikakubaliana na hesabu zangu isipokuwa mahali pamoja. Mahali hapo pamoja pananinyima usingizi. Tatizo la maabara ni usafi. Sisi tunatengeneza mchanganyiko kutoka kwenye mitungi safi, lakini sufuria ya kweli, iliyochemka miezi mingi katika nchi ya joto, ina tabia zake. Hakuna aliyewahi kupima kitu kama hicho. Atakayepima wa kwanza atatajwa kila mahali ambapo jambo hili linatajwa. Najua hili halikuhusu, lakini sina mwingine wa kumwambia kwa lugha yetu.

Kuhusu koki, hayo ni mambo ya uendeshaji wa kiwanda, mwachie mwenye kiwanda. Hamdi ana diploma, na diploma ni kitu kizuri, inamfundisha mtu kusoma vipimo na kuvijaza kwenye daftari. Kufikiri juu ya vipimo ni kazi ya wengine. Mwambie asikutie hofu.

Kitu cha kuogopa ni moshi. Je, mmehama? Hukuniambia. Nashangaa mtu mwenye akili kama wewe, aliyefika kidato cha nne, anabaki na wanawake wasiojua kuandika majina yao kulinda kivuli cha ukuta.

Idd njema.

Isse


Garissa, 12 Aprili 2025

Kwa Isse,

Salaam aleikum. Idd ilipita salama. Mvua ya gu' imeanza, soko lote ni matope na inzi, na ngamia wamerudisha maziwa. Dawa yako ilifika. Hooyo aliinusa, akasema inanuka hospitali, akaipaka mara nne kwa siku kwa sababu mbili ni za Wazungu. Anatembea vizuri, sasa ana miguu ya kulingana na mdomo.

Tumehama. Nakuambia mwanzoni ili ufurahi mapema. Niliwaita wenzangu nikawaambia moshi wetu unaingia kwenye sufuria anayokaa Hamdi, na kwamba aliyesema ni kaka yangu, na kwamba kaka yangu ana dharau lakini hesabu anaijua. Weris, ambaye tumekaa bega kwa bega tangu kabla hujaota ndevu, akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni. "Bilan, wewe nauza sisi kwa Billow," akasema. "Kesho utauza na kivuli ya msikiti." Wakabeba vibuyu. Sasa tuko ng'ambo ya barabara kwenye jua, maziwa yanachacha kabla ya adhuhuri, na hakuna anayenipa chai. Kwenye salamu wananipa ncha za vidole.

Nimefanya hivyo kwa ajili ya Hamdi, si kwa ajili ya profesa.

Sasa zamu yako. Kwenye barua yako hukunijibu hata swali moja kati ya mawili, na mtu hakwepi shimo asilolijua. Hamdi alikwenda kwa Billow kuomba afungue koki. Akamjibu: "Mimi nasikia Brofesa. Sisikii mtoto ya diploma." Nilimwambia aache kazi. Akasema akiondoka Billow ataweka mtu ambaye hata saa za mashine hajui kuzisoma, na wodi ya watoto wachanga hospitalini inangoja mitungi yao ya oksijeni kila asubuhi. Sijui ni nani aliyemzaa huyu, mimi ningeondoka.

Kwa hiyo nakuomba, Isse, na unajua kuomba si tabia yangu. Mwambie Billow afungue koki ya chini. Sentensi moja tu. Nimekupigia, hukupokea. Kama una kiburi na mimi, weka kiburi mbele yangu. Usikiweke chini ya sufuria anayokaa mtoto.

Bilan


Dresden, 6 Mei 2025

Dada Bilan,

Salaam. Nimefurahi mno kusikia mmehama, na nimefurahi kuhusu hooyo. Huku miti imechanua, watu wanavua mashati kwa jua ambalo kwenu lingekuwa kivuli.

Simu zako niliziona. Nilikuwa na kazi ya kupoza chombo, haiwezi kuachwa. Usichukulie vibaya.

Sasa moshi umeondoka, chanzo cha hatari kimeondoka. Kilichomo ndani ni kidogo, na sufuria hizo zina nguvu kuliko unavyodhani. Koki itafunguliwa. Hakuna aliyesema itafungwa milele. Ni suala la wiki chache tu. Mwezi wa saba kuna mkutano mkubwa hapa, nami nitasimama mbele ya watu ambao majina yao niko nayo kwenye vitabu tangu chuo. Kimiminika cha Billow kina miezi saba bila kumwagwa. Unaelewa maana yake? Hesabu yangu inasema zenoni iliyomo imekolea kuliko popote ninapopajua. Kukimwaga sasa ni kama kuchinja ngamia mwenye mimba ya mwezi wa mwisho.

Kwa kuwa unaonana na Hamdi kila siku, naomba umwambie jambo moja. Ile chupa ya chuma niliyompelekea Billow mwezi wa kumi iko ofisini kwake. Hamdi aijaze kutoka koki ya chini, taratibu, avae glavu, aifunge, aniletee kwa mkono wa yule mtu wa dawa anayerudi huku mwezi wa sita. Ajaze chupa kwanza, halafu mmwage mnavyotaka. Asiifungue koki kabla ya hapo.

Naye atafaidika. Nitaandika jina lake chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, lakini litakuwepo.

Isse


Garissa, 29 Mei 2025

Kwa Isse,

Salaam aleikum. Hooyo ni mzima. Ng'ombe ni wazima. Hao ndio wazima.

Alhamisi ya wiki iliyopita Hamdi aliona vipimo vya sufuria vinakwenda namna anayoijua yeye kuwa si nzuri. Alimwendea Billow, Billow akasema tungoje Isse. Barua yako ya chupa ilikuwa imenifikia jana yake. Nilikuwa nimemsomea, na alicheka, kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake. Akasema, "Kumbe ni abti, mjomba wangu mwenyewe, aliyeifunga." Asubuhi ile aliwaambia wenzake wawili watoke nje, akashuka peke yake kufungua koki. Ilikuwa imeganda kwa kukaa miezi yote ile. Akaigonga kwa spana.

Mlio huo ulisikika mpaka ng'ambo ya mto. Paa la bati tulilikuta kwenye zizi la mbuzi. Ukuta wa kiwanda, ule ukuta wetu wenye kivuli, ulianguka wote kwa nje, juu ya mahali tulipokaa miaka yote ile. Weris aliutazama muda mrefu. Kisha akaja akanishika mkono, mkono mzima.

Hakufa mtu. Hamdi alitupwa mlangoni, na mlango ulikuwa wazi, alhamdulillahi. Mkono wa kushoto umechomwa na baridi, daktari anasema utapona na alama. Billow alikaa chini kwenye matope na kanzu yake nyeupe akilia mbele ya watu. "Isse alinibigia simu mwezi ya kumi," alisema. "Akasema funga hii koki, iko kitu ghali kuliko dhahabu huko chini. Akasema ondoa wamama na moshi yao. Mimi nilifanya yote." Kwa mara ya kwanza nilimwamini Billow.

Na jana barua yako kwake imefika. Umeandika tarehe nane Mei, kwamba akishachota sampuli afungue koki bila kuchelewa. Nimeishika mkononi. Stempu nzuri, ina picha ya ndege. Isse, kufunga ulimpigia simu. Kufungua ukaandika barua.

Nilikudharau kwa mzaha maisha yangu yote, kama dada anavyomdharau mdogo wake, na ndani yake nilikuwa najigamba juu yako kwa wanawake wa soko. Sasa nakudharau bila mzaha. Sikujua kwamba ni vitu viwili tofauti.

Masikio ya Hamdi yamepasuka, yote mawili. Hasikii kitu. Daktari wa hapa amesema hayatarudi, na wa Nairobi amesema hivyohivyo kwa maneno marefu zaidi.

Bilan


Dresden, 16 Juni 2025

Dada Bilan,

Idd mubarak, ingawa imepita. Nimepokea barua yako nikiwa katika maandalizi, nimeisoma kwa haraka na kwa uchungu mkubwa. Alhamdulillahi hakufa mtu. Mkono uliochomwa na baridi unahitaji maji vuguvugu, si moto, msimpake mafuta wala asali.

Naomba uzingatie jambo ambalo katika hasira yako umelipita. Ukuta ulianguka mahali mlipokuwa mnakaa. Ni nani aliyewahamisha? Ningekuwa mtu wa kujisifu ningesema watu wengi wako hai leo kwa sababu ya kile mnachokiita dharau yangu. Sisemi. Nasema tu uwe na insafu.

Ya pili, Billow anataja jina langu kila mahali, na habari za nyumbani zinasafiri mpaka huku. Mshauri wangu hapa maabara akisikia nusu ya habari hataielewa nusu nyingine. Simu haina shahidi, Billow ana hasira ya hasara. Nakuomba, kama dada, umnyamazishe. Akina baba wadogo wakikaa kikao, wewe useme hujui.

Ya tatu, nauliza kwa tahadhari: je, chupa ilikuwa imejazwa kabla ya tukio? Kama ipo, hata nusu, isitupwe. Itakuwa angalau kuna kitu kimetoka katika haya yote.

Na kwa Hamdi, najua ana maswali. Ni msichana mwerevu, anastahili kuelezwa na mtu anayejua, si kwa uvumi wa soko. Nitapiga simu Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba baada ya adhuhuri. Mpe simu, nizungumze naye mwenyewe.

Isse


Garissa, 7 Julai 2025

Kwa Isse,

Salaam aleikum. Hooyo hajambo, hakukutumia salamu.

Chupa haikujazwa. Kikao kilikaa, wakaniuliza, nikasema ninayoyajua. Ukoo wa baba yake Hamdi unadai haki ya masikio kwa ukoo wetu, wewe na mimi na Billow, na baba zetu wadogo wamekubali bila kubishana kwa sababu waliona aibu. Kwa hiyo ngamia watatoka kwenye mazizi ya watu ambao hawajawahi kusikia neno zenoni, kwa jina lako. Hamdi hakuhudhuria, na wewe pia.

Simu yako ilikuja jana kama ulivyosema. Kwa jambo hili hukuchelewa. Nilimwandikia Hamdi kwenye kiubao tunachotumia tangu masikio yake, ambayo uliyasoma kwa haraka: ni abti. Akaketi wima, akafunga mtandio vizuri kana kwamba umeingia mlangoni, akaiweka simu sikioni.

Nilikuwa karibu, nilikusikia. Ulimwambia habari za mafuta na oksijeni. Ulimwambia zenoni inavyobaki chini, chembe moja juu na mamia chini. Ulimwambia hakuna mtu duniani ambaye angeweza kujua kwa uhakika, na kwamba haikuwa kosa lake kuigonga. Ulisema kwa upole sana, Isse, sijakusikia ukizungumza kwa upole namna hiyo tangu utotoni. Naye alitazama ukutani akatikisa kichwa kuitikia, tena na tena, kwa adabu, kwa sababu wewe ni kaka wa mama yake na simu ilikuwa imepigwa kwa ajili yake.

Kisha akanirudishia simu, nawe bado unaongea. Akaniuliza kwa sauti kubwa iliyojaa nyumba, maana hajui tena sauti yake ina ukubwa gani: "Hooyo, abti amemaliza?"

Ndipo uliponyamaza.

Bilan